Mwache Ayumbe Asome

Nyumbani Tunduma, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Rabeka,

Usishangae kupata barua kutoka kwa mtu unayekaa naye nyumba moja. Nakusikia hapo chumba cha pili mnagombana na mama yako juu ya blanketi. Yeye anasema uchukue mawili, wewe unasema sanduku halifungi. Atashinda yeye, kwa hiyo usijichoshe. Habari za blanketi, sufuria, dawa ya kikohozi na namna ya kumsalimu mchungaji wa huko Itumba, Ileje, unakokwenda kufundisha, nimemwachia yeye zote. Mimi nina neno la darasani tu, na kwa mdomo siliwezi. Kwa mdomo nitafanya mzaha. Unanijua baba yako: nikiona watu wawili wamesimama tayari nimeanza habari za migodi ya shaba ya Kopabeti, taa za umeme na lile sanduku la chuma linaloshusha watu shimoni kama ndoo kisimani, na neno lenyewe linapotea. Basi nimeomba kalamu yako, ile ya chuoni, na wino wako nimeumaliza nusu.

Mwandiko uuvumilie. Mimi niliishia darasa la pili, na hilo la pili lenyewe nilitoka kabla halijaisha. Lakini kule migodini niliwaandikia barua watu wa kila kabila, na sijasikia mke hata mmoja aliyelalamika kwamba barua ya mumewe imepungukiwa mapenzi.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita, ulipokuwa unafundisha kwa majaribio katika shule yetu hii, ulidhani sikuja kukuona kwa sababu ya kifua changu. Nilikuja. Nilitembea polepole, nikapumzika kwenye kila kichuguu kama mzee, nikafika, nikasimama nje kwenye dirisha la nyuma. Nilitaka nikuone ukiwa mwalimu, nipate la kujisifia kwa watu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Nikakuona. Gauni limepigwa pasi, chaki mkononi, sauti imetulia. Watoto wote mikono kifuani, migongo imenyooka, kimya kama magunia ya mahindi ghalani. Nikasema moyoni, huyo ndiye wangu.

Halafu nikakiona kile kitoto cha kike cha benchi la mwisho, chenye gauni la kaniki. Ulikipa zamu ya kusoma. Kikawa kinasoma huku kinayumba, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Ukakiendea kwa haraka, ukapiga benchi kwa fimbo karibu kabisa na vidole vyake. Ukasema, "Wewe! Acha kuyumba. Hapa si jikoni kwenu."

Kikaacha kuyumba. Na kusoma kikaacha.

Sikuingia. Nilirudi nyumbani, na jioni ukaniambia, "Baba, leo darasa langu lilikuwa kimya mpaka mkuu wa shule amenisifu." Nikakujibu, "Vizuri, mama." Tangu siku hiyo neno hilo "vizuri" linanikaa kooni kama mwiba wa samaki. Haikuwa vizuri. Nami ndiye mtu wa pekee aliye hai, ukiacha mama yako, anayejua kwa nini wewe hasa, kuliko walimu wote wa Tanganyika, hukutakiwa kusema vile.

Wewe hukumbuki. Meno yako ya mbele yalikuwa yameng'oka na mapya hayajaota. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Kopabeti na buti, koti na baiskeli, na nilikuwa nimekwisha kutangaza kila mahali kwamba binti yangu atasoma. Wanaume wenzangu walicheka. "Wa kike akasome, halafu maji yachotwe na nani, na wewe Simfukwe?" Nikawaambia kwamba nilikotoka nimemwona mwanamke anapiga chapa kwa vidole vyote bila kuvitazama, huku anazungumza na mtu. Hawakuniamini. Wewe ulikuwa ndiye jibu langu kwao.

Shule yenyewe wakati ule ilikuwa chumba kimoja cha miti na udongo, paa la nyasi, na mabenchi ya udongo yaliyojengwa kutoka sakafuni. Huwezi kuyasogeza. Yalikuwa baridi, na miezi ya mvua yalinyonya maji kutoka chini. Mwalimu wenu alikuwa marehemu Mwalimu Anania, mtu mwembamba, mpole, mwoga kidogo, aliyewapenda watoto na kuwaogopa wakubwa wake. Mvua zilipokolea akaniita.

"Baba Rabeka, mtoto analala."

"Analala wapi?"

"Darasani. Nikimwamsha anayumba kidogo, ananitazama, halafu analala tena. Wasichana wote wanalala, ila wako amezidi. Mwangalizi wa shule akija akamkuta hivi, mimi nitajibu nini? Mchukue. Akue kwanza."

Mwanangu, nilisikia aibu imenishika masikio. Si huruma. Aibu. Nilifikiria wale wanaume na kicheko chao. Nikaingia darasani mbele ya wenzako wote, nikakushika mkono, nikakuinua benchini, nikakuvuta mpaka mlangoni. Wala hukulia. Ulinifuata tu, umesinzia bado, kama mbuzi anayefuata kamba. Tulipofika mlangoni mvua ilikuwa inamwagika kiasi kwamba mti wa uani hauonekani. Hatukuweza kutoka. Mvua ile ndiyo iliyokusomesha wewe. Watu hunipa mimi sifa hiyo, nami huipokea, lakini leo naandika ukweli: mimi nilikuwa nakupeleka nyumbani.

Basi nikakaa benchi la nyuma kungoja mvua ikatike, na wewe pembeni yangu. Mwalimu akaendelea. Ba, be, bi, bo, bu. Mikono kifuani. Nguo za watoto zimelowa na zinanuka moshi. Baridi ya lile benchi ikaanza kunipanda kutoka chini, miguu ikafa, halafu ile sauti, ba, be, bi... Kitu nilichosikia baadaye ni watoto wanacheka na Mwalimu Anania amesimama mbele yangu.

"Baba Rabeka," akasema kwa upole, "unakoroma."

Mimi! Mtu niliyefanya kazi zamu ya usiku chini ya ardhi na mawe yakilia juu ya kichwa! Nimeshindwa na ba be bi bo bu, tena asubuhi. Nikawatazama watoto vizuri kwa mara ya kwanza. Wavulana nao walikuwa wamelala, ila wao walijua kulala macho wazi. Hapo nikaelewa jambo ambalo sikulipata katika darasa la pili wala la kwanza. Nikamwambia, "Mwalimu, hawa si wavivu. Hawa wamezimwa. Nipe niwawashe."

"Drili ya viungo ipo kwenye ratiba," akasema, "lakini ni ya uwanjani, na uwanja umejaa maji. Darasani ni kukaa."

"Nani kasema?"

Akafikiri sana yule mzee. "Ndivyo tulivyofundishwa."

Nilimbembeleza mpaka akachoka. Mwishowe akanipa sharti, na sharti hilo ndilo lililokuwa limeshika maisha yako yote, wewe hujui, unacheza na vipande vya chaki. Mwangalizi wa shule atakuja kabla mvua hazijaisha. Siku hiyo Rabeka asome ukurasa wake mbele yake, akiwa macho. Akiweza, abaki. Akishindwa, arudi nyumbani na wasichana wengine wote, nami nisitie mguu tena shuleni. Nikakubali. Mimi nakubali mambo upesi, hilo nalo usilirithi.

Na sasa nikueleze nilivyoharibu, maana hakuna siku nimeharibu kitu kwa bidii kama ile.

Nilikuja na buti zangu za mgodini. Nikawapanga watoto katikati ya mabenchi kama kikosi kinachongoja kushuka shimoni, nikapiga kelele kwa Kiingereza changu cha huko, ambacho hata Waingereza hawakukijua. "Laini! Apu! Dauni! Kwiki!" Watoto wakaruka. Mimi nikaruka kuliko wao, magoti mpaka kifuani, kaptula inapepea. Walichangamka, walicheka, macho yakang'aa. Tukapiga miguu chini mpaka chumba kikatetemeka. Nikajiona bingwa.

Sasa, ile sakafu. Ni nani aliyekuwa anaisiriba? Kila Jumamosi kina mama walikuja na udongo na samadi ya ng'ombe, wakapiga magoti, wakailainisha kwa viganja mpaka ikawa kama ngozi ya mtoto. Mkubwa wao alikuwa bibi yako Nakamba, mama mzaa mama yako. Na kwa desturi yetu unajua mkwe ni nani. Mimi kumtazama usoni ilikuwa mwiko. Nikimwona njiani naingia porini, hata kama kuna siafu. Na siku hiyo kina mama walikuwa wamekuja na ndoo zao katikati ya juma, kwa sababu maji ya mvua yalikuwa yamechimba kizingiti.

Nikiwa juu, naam, hewani, mguu mmoja umepanda hivi, nikamwona mkwe wangu amesimama mlangoni na ndoo kichwani.

Nilijitupa nyuma ya ubao. Ubao ulifika kiunoni tu, hivyo nikachuchumaa, na buti zikabaki nje. Yeye akaitazama sakafu yake. Ilikuwa imevunjika vipande vipande kama kiporo cha ugali. Akakuita wewe, maana mjukuu ndiye mdomo kati yetu.

"Rabeka. Mwulize huyo mwenye buti aliyeko nyuma ya ubao. Nyumbani kwake huwa anaruka juu ya kitanda?"

Ukaja, na meno yako hayapo. "Baba, bibi anauliza kama huwa unaruka juu ya kitanda."

"Mwambie hapana."

"Anasema hapana, bibi."

"Mwambie tena. Magoti yangu haya ndiyo yaliyotengeneza sakafu hii. Atakayeivunja tena, wanawake hawatakuja Jumamosi, na watoto wakae kwenye matope. Na hizo kaptula zake azifunike."

Nilimpelekea kuku wa kuondoa aibu. Mama yako hakunisemesha mpaka Jumapili. Na Mwalimu Anania akanyoosha kidole kimoja: mguu wa mtoto usishuke tena sakafuni kwa kishindo. Mabenchi hayasogezwi, sakafu haipigwi, nje ni maji. Sasa wewe mwenye cheti niambie, ungefanya nini?

Mimi sikujua. Ninakuandikia hili ulishike: siku nyingi nilikuwa sijui. Nilijaribu wapitishiane jiwe kutoka benchi hadi benchi, likamwangukia mtoto kidoleni. Nilijaribu kuwainua mikono juu muda mrefu, wakasinzia mikono ikiwa juu, sijawahi kuona kitu kama kile. Siku moja kulikuwa na mtoto wa kike aliyekataa kusimama. Nikamfokea, "Juu, wewe mvivu!" Akajitahidi kusimama, akalala chini taratibu kama nguo inayoanguka kutoka kambani. Nikamgusa. Alikuwa anawaka homa. Nilimbeba mgongoni kwenye mvua mpaka kwao, na njia nzima alikuwa ananiomba radhi. Yeye, ananiomba radhi mimi. Alipona, ashukuriwe Mungu, akarudi amekonda. Tangu siku hiyo sijamwita mtoto mvivu kabla sijaweka mgongo wa mkono wangu kwenye paji la uso wake. Kuna anayelala kwa homa, kuna anayelala kwa njaa, na kuna anayelala kwa sababu sisi tumemlaza. Huyu wa tatu peke yake ndiye wa kuamshwa kwa mazoezi. Wawili wa kwanza, mama, mpe kwanza anachokosa.

Halafu asubuhi moja, kabla jua halijatoka, nilikuwa nimekaa jikoni nanawa uso, nawe ulikuwa umepiga magoti kwenye jiwe unasaga ulezi. Mwili mzima unakwenda, mbele na nyuma. Uliamshwa jogoo la kwanza, baridi ni ileile, umekaa mahali pamoja, miguu haiondoki chini. Na macho yako yalikuwa makavu kabisa, tena ulikuwa unaimba.

Nikakuuliza, "Mbona kwenye jiwe hulali?"

Ukanitazama kama mimi ndiye mtoto. "Nikilala unga hautatoka, baba."

Siku hiyo nilikwenda shule mbio, bila buti. Nikamwambia Mwalimu Anania, wasage. Akaniuliza wasage nini. Nikasema, wasage hizo ba be bi bo bu. Wasimame nusu, viganja kwenye benchi la mbele, wasukume na kuvuta, kila herufi na msukumo wake. Alinitazama kwa mashaka, lakini baridi ilikuwa imemshika hata yeye, akaweka viganja kwenye meza yake. Hakuna kishindo, hakuna vumbi. Na herufi zilitoka.

Baada ya hapo njia ilifunguka, tena nyingine ni Mwalimu mwenyewe aliyezigundua, akawa ananificha ili aniringie. Vibao vya kuandikia, ambavyo havikutosha, akaviweka ukuta wa mbali, kila mtoto aende mwenyewe kuchukua na kurudisha. Hesabu wakazifanya kwa miili: benchi zima lilikuwa kumi, hivyo ishirini na tatu ni mabenchi mawili kusimama na watoto watatu wa benchi la nyuma, na ukiondoa tisa lazima wakae walio tisa, wakabishana nani akae, na katika kubishana huko wakajua hesabu. Herufi waliziandika hewani kwa mkono mzima kutoka begani. Jiografia ilikuwa yangu. Mlango ni Tunduma, ubao ni Mbozi, pembe ile ya giza ni vilima vya Ileje, dirisha ni Galula kwenye joto, na mtu asafiri kwa vidole vya miguu akitaja mito anayovuka. Wewe ulipenda kwenda Ileje. Ulikuwa unajikunyata ukifika, unasema kuna ukungu. Kesho ndiko unakokwenda kweli.

Usidhani watu walifurahi. Jumapili baada ya ibada wanaume walinizunguka.

"Simfukwe, tumesikia umehamishia ngoma darasani."

"Mimi mwanangu nimempeleka akae! Akae kama karani wa boma. Kama ni kusaga, nyumbani jiwe lipo!"

Nilicheka nao, nikawajibu kwa matusi yetu ya utani. Lakini neno la yule wa pili lilinifikirisha, na linanifikirisha mpaka leo. Hakuwa mjinga. Sisi wote tulikuwa tumemwona karani amekaa, na tuliokuwa tumesimama juani kwenye foleni ni sisi. Tukadhani kukaa ndiyo elimu. Tukawaleta watoto wajifunze kukaa. Nafikiri na wewe, mwanangu, chuoni umefundishwa mengi mazuri, lakini hili la kukaa hukulipata chuoni. Umelipata kwetu, baba zako.

Siku ya mwangalizi ilifika na mvua ya manyunyu na ukungu. Alikuwa Mwafrika mwenzetu, mtu wa mbali, mwenye miwani, alikuja kwa baiskeli na amelowa mpaka shingoni. Mwalimu Anania alipomwona tu roho yake ikaruka. Akawageukia watoto akanong'ona, "Mikono kifuani! Asicheze mtu!" Kila kitu tulichojenga akakizima kwa neno moja. Mimi nilikuwa nyuma, sina cheo, sina ruhusa ya kusema. Nikaona mabenchi yanaanza kufanya kazi yake. Watoto wakawa wanafifia mmoja mmoja, mbele ya macho yangu.

Ukaitwa. Ukasimama na kitabu. Ukafungua kinywa, hakuna kitu kilichotoka. Mwangalizi akangoja. Mimi nikawa nakuona tayari uko nyumbani, na ndoo kichwani, na mume mzee, na mimi nacheka na wale wanaume ili wasijue. Mwanangu, nimeona mwamba ukiporomoka shimoni. Sikuogopa vile.

Halafu mwili wako ukaanza. Sijui kama ulijua. Kidogo tu, mbele na nyuma. Mbele na nyuma, kama kwenye jiwe. Na neno la kwanza likatoka, na la pili, ukaushika ukurasa ule na kuusaga mpaka chini, na sauti yako ikapanda hata mvua ikawa haisikiki.

Mwangalizi hakusifu. Alivua miwani akaifuta, akamwuliza Mwalimu, "Kwa nini huyu anayumba?"

Nilimtazama Mwalimu Anania. Yule mtu aliyeogopa kivuli cha kila mkubwa. Ilikuwa rahisi kwake kusema, "Nitamkanya, bwana." Neno dogo tu, na lingempendeza mkubwa wake. Akasema, "Ndivyo anavyosoma huyu."

Basi. Mwangalizi akavaa miwani, akaita mtoto mwingine. Nawe ukabaki shuleni, na wasichana wenzako wakabaki, na leo una cheti na sanduku lisilofungika. Cheti chako kimesimama juu ya maneno yale ya mtu mwoga. Alifariki ukiwa shule ya bweni, na sikupata kukueleza. Nilikuwa najisifia mimi. Hadithi niliyokuwa nasimulia siku zote ni ya buti na mkwe wangu, kwa sababu inachekesha na mimi nipo katikati. Mwisho wake nilikuwa naukata.

Sasa unaelewa nilivyosikia pale dirishani uliposema acha kuyumba.

Sikulaumu. Ulikuwa mgeni, mkuu wa shule anakutazama, na darasa lililotulia linampendeza kila anayepita nje. Nakuambia tu kwamba huko Itumba baridi ni kali kuliko hapa, ukungu unaingia mpaka darasani, na watoto watakuja wamelowa, wengine wametembea vilima tangu alfajiri. Nimesikia mwalimu mkuu wa huko ni mtu wa kimya na fimbo. Atakupenda ukiwanyamazisha. Sikuambii ugombane naye. Wewe ni mdogo na ni mwanamke na ni mgeni. Mpe heshima yake. Lakini atakuja siku moja mlangoni na kuuliza kwa nini yule anayumba, kwa nini hawa wamesimama, kwa nini yule amekwenda dirishani. Siku hiyo utaogopa kama Mwalimu Anania alivyoogopa. Jibu unalo. Nimekuandikia.

Na wasipochangamka kwa hizo mbinu zangu, zitupe. Tafuta jiwe lao. Kule vilimani wana kazi zao na michezo yao nisiyoijua. Watazame wakiwa nyumbani kabla hujawafundisha shuleni.

Jambo la mwisho ni la kwangu. Tangu kifua hiki kilipojaa vumbi la mgodi, mganga amesema nikae. Mama yako amenitengenezea kiti uani na ananilinda kama askari. Mimi niliyerukaruka mbele ya mkwe, leo nimekalishwa. Na ninakuambia kama mtu aliye ndani ya jambo lenyewe: akikalishwa mtu, si miguu peke yake inayolala. Unaanza kukubali. Watu wanapita, wanasema, unaitikia, vizuri, vizuri. Kwa mtu mzima aliyekwisha kuzunguka duniani si neno kubwa. Kwa mtoto ni wizi.

Kesho utapanda lori, juu ya magunia, mpaka njia panda. Miguu itakufa kabla hujafika nusu ya njia. Isikie vizuri. Halafu shika ubao wa lori, simama, nyanyua visigino. Kina mama watakucheka. Wacheke.

Mimi asubuhi nitapiga kelele zangu kama kawaida, nitamwambia dereva kwamba Kopabeti hata malori yana adabu kuliko lake. Usinitazame sana. Utakapopita na sanduku utaniona nimesimama mlangoni bila kushika kitu. Mama yako atasema nikae. Usimsaidie.

Na ukifika, siku ya kwanza, utafungua mlango wa darasa, nao wote watainuka kwa pamoja kukuamkia, wadogo kwa wakubwa, wamelowa, wanakutazama. Waitikie. Watazame mmoja mmoja mpaka benchi la mwisho. Usiwe na haraka ya kuwaambia wakae.

Baba yako,
Simfukwe